Faili la Maombi Yaliyokataliwa: Namna ya Kupima Ugawaji wa Fedha za Kaunti kwa Vikundi vya Jamii Isiolo

Tathmini nyingi za fedha ambazo serikali za kaunti huvipa vikundi vya jamii huanzia pale pesa zinapokuwa zimekwisha kutoka: huhesabiwa mabwawa yaliyochimbwa, mahema na viti vilivyonunuliwa, wanachama waliohudhuria mafunzo, kisha hesabu hiyo ikalinganishwa na kiasi kilichoidhinishwa katika bajeti. Njia hiyo ina faida yake, maana bwawa lililolipiwa lisichimbwe ni wizi wa mchana, lakini inaliruka swali la kwanza, yaani kwa nini bwawa lichimbwe Kinna badala ya Sericho, na kwa nini kikundi kimoja kipewe na kingine, kilichowasilisha karatasi zile zile siku ile ile, kirudi mikono mitupu. Mhadhara huu unashikilia kwamba ugawaji ni uamuzi kabla ya kuwa matumizi, na kwa hiyo mahali pa kuupima ni katika kumbukumbu za uamuzi wenyewe, hasa kumbukumbu za maombi yaliyokataliwa, ambazo watathmini huziomba kwa nadra sana.

Kabla ya kuendelea, inafaa kueleza ni vikundi gani vinavyozungumziwa. Kikundi cha jamii, kwa maana inayotumika hapa, ni umoja wowote wa wananchi ulioundwa kwa ajili ya manufaa ya wenyeji kuliko faida ya mwenye mtaji, kuanzia kikundi cha akina mama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, hadi shirika kubwa lenye ofisi, magari na wahasibu, linaloongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, sheria iliyopitishwa 2013 na kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi na moja kabla ya kuanza kutumika Mei 2024. Katika Isiolo lazima iongezwe aina ya tatu, isiyo na cheti chochote, nayo ni baraza la kimila linalosimamia malisho na maji, ambalo kwa Waborana huitwa *dedha*. Neno hilo hutaja eneo la malisho na pia wazee wanaoamua ni mifugo gani inywe kisima gani, wiki gani, na ni sehemu gani ifungwe hadi ukame uwe umekolea. Mtathmini akiwatazama wenye vyeti peke yao, taasisi iliyo kongwe kuliko kaunti yenyewe, na ambayo uamuzi wake mmoja waweza kuokoa ng'ombe wengi kuliko kisima kipya, haitaonekana katika ripoti yake.

Kaunti ya Isiolo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 25,000 na, kwa sensa ya 2019, wakazi 268,002, walio katika wadi 10. Wadi saba zimo katika eneobunge la Isiolo Kaskazini na tatu, yaani Kinna, Garba Tulla na Sericho, katika Isiolo Kusini. Mji wenyewe, unaojaa wafanyabiashara, watumishi wa umma na wasafiri wa barabara kuu ya Moyale, umejikita katika wadi ndogo kama Wabera na Bulla Pesa, ambapo watu wamesongamana, ilhali wadi kama Cherab na Chari zinatanda nyika ambayo mwenyeji huipima kwa siku za mwendo wa ngamia. Wakazi ni Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wasakuye na wengineo, na kila kundi lina kumbukumbu yake ya kunyimwa. Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965, uliopendekeza fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye mvua na ardhi yenye rutuba, uliiacha kaskazini nyuma kwa sera iliyoandikwa wazi, na ulikuja wakati vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 vikiendelea kuwamalizia wafugaji wa Isiolo mifugo yao. Ndiyo sababu Tume ya Ugavi wa Mapato, ilipoandaa sera yake ya kwanza kuhusu maeneo yaliyotengwa, iliiweka Isiolo kati ya kaunti 14 za kunufaika na Mfuko wa Usawazishaji ulioundwa na kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010. Mwananchi wa mahali kama hapo akinyimwa bila kuelezwa sababu hujaza sababu mwenyewe, na sababu anayoijaza kwa kawaida ni kabila au ukoo.

Fedha za kaunti huvifikia vikundi kwa milango kadhaa. Upo mfuko maalumu unaoundwa chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kwa idhini ya kamati tendaji na bunge la kaunti. Zipo zabuni, ambamo sheria inatenga asilimia 30 kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na vipo vitu vinavyogawiwa moja kwa moja, kama mizinga ya nyuki, mbuzi au matangi ya maji, ambavyo aghalabu hutolewa hadharani, kamera zikiwepo, na ndivyo vigumu zaidi kuvifuatilia kwa kuwa orodha ya wapokeaji huandaliwa baada ya ugawaji kufanyika. Mlango wa nne ndio wenye mafunzo mengi kwa Isiolo, na ndio utakaozungumziwa kwa kirefu hapa: wananchi kupitia kamati yao huamua mradi na kuusimamia, huku malipo yakienda kwa mkandarasi.

Mlango huo, yaani mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, ulifunguliwa kwa majaribio kati ya 2010 na 2011, kabla serikali za kaunti hazijazaliwa, kwa fedha za serikali ya Uingereza, kupitia ushirikiano wa taasisi zilizojumuisha shirika la utafiti la IIED la London na Resource Advocacy Programme, shirika la wenyeji wa Isiolo; baadaye Merti Integrated Development Programme nalo likaingia. Ugatuzi ulipoanza 2013, mtindo uliozaliwa Isiolo ulipelekwa Garissa, Kitui, Makueni na Wajir chini ya muungano wa ADA, uliofanya kazi na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Bunge la Kaunti ya Isiolo lilitunga sheria ya mfuko huo wa mabadiliko ya tabianchi 2018, na miaka mitatu baadaye Benki ya Dunia ikaidhinisha FLLoCA, mpango wa kitaifa wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, ambao umeufanya mtindo huo kuwa njia ya kaunti za Kenya kwa jumla. Si mara nyingi jambo linaanzia Isiolo na kuishia kuwa sera ya Nairobi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila wadi iliunda kamati ya mipango, wajumbe wake wakipatikana katika mikutano ya wananchi, ambamo sifa za kila mmoja zilijadiliwa mbele ya watu wanaomfahamu. Kamati ilikaa na wafugaji, wakulima na wafanyabiashara kuchunguza ni nini kinachowawezesha kuvuka ukame na nini kinachowaangusha, kazi iliyosaidiwa na ramani za kidijitali: picha za setilaiti ziliangazwa ukutani, na wazee wakaonyesha mahali visima vilipo, njia za mifugo, na malisho ya akiba, wakitaja majina ambayo ramani za serikali hazikuwa nayo. Kutokana na mazungumzo hayo kamati iliandika mapendekezo, na kila pendekezo lilipimwa kwa vigezo vilivyojulikana tangu mwanzo: linufaishe watu wengi, likuze uchumi au huduma ambayo wengi wanaitegemea, lijenge ustahimilivu dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, lihimize amani na maelewano, liwe limetokana na mashauriano na wote wanaohusika, liwezekane na kudumu, na thamani yake ilingane na gharama. Katika mgao, asilimia 70 ya fedha iliwekwa chini ya uamuzi wa wadi, 20 kwa miradi ya ngazi ya kaunti, na 10 kwa uendeshaji wa kamati.

Jambo lililo muhimu kuliko asilimia hizo ni mipaka ya mamlaka ya kamati ya kaunti, ambayo kwa utaratibu huo haikuwa na uwezo wa kulipiga teke pendekezo la wadi lililotimiza vigezo. Iliweza kulirudisha lirekebishwe, iliweza kumtuma mtaalamu akasaidie kuliandika upya, lakini haikuweza kusema "hapana" ikanyamaza. Kwa kufanya hivyo utaratibu ulimlazimisha anayekataa ataje kigezo, na pendekezo lililorudishwa likawa na historia inayoweza kusomwa: lilikuja lini, lilikosa nini, lilirudi vipi. Huo ndio ushahidi ambao mtathmini anauhitaji. Katika mfumo wa kawaida, ambamo mwakilishi wa wadi humpelekea ofisa orodha ya vikundi na ofisa akaitia mhuri, ushahidi wa aina hiyo hauzaliwi kabisa, kwa hiyo hata mtathmini mwaminifu hana pa kuanzia.

Matokeo yake yalionekana katika aina ya miradi iliyochaguliwa. Pamoja na kukarabati mabwawa na kuyawekea uzio, na maabara ya kupima magonjwa ya mifugo, baadhi ya fedha zilienda kuiimarisha dedha yenyewe, ili wazee waweze kukutana, kuzunguka malisho na kuzungumza na wafugaji wageni kabla hawajaingia na makundi yao. Mhasibu aliyezoea kuhesabu kuta na mabomba atauliza mradi uko wapi, kwa kuwa hakuna cha kupigwa picha. Hata hivyo, Isiolo kisima kipya kikichimbwa katikati ya malisho ya akiba bila mamlaka ya kukifunga, huwaita mifugo msimu usio wake na kuimaliza nyasi iliyotunzwa kwa ajili ya ukame, jambo ambalo wazee wa dedha wamelisema kwa miaka mingi na ambalo wahandisi wamechelewa kulisikia. Tathmini inayopima vitu peke yake ingelihesabu kosa hilo kuwa mafanikio.

Lakini mtindo huu una nyufa zake, na hazistahili kufunikwa kwa sababu tu umesifiwa ng'ambo. Ufa wa kwanza umo ndani ya kigezo cha "watu wengi". Kigezo hicho kinapendeza, na katika wadi yenye kabila moja lenye mifugo mingi hakina madhara makubwa. Tatizo hutokea pale walipo Wawaata au Wasakuye wachache kati ya Waborana. Wachache hao, hata wakiwa na hoja nzuri, hushindwa kwa hesabu kila mwaka, na kila mara kushindwa kwao kunakuwa halali. Kifungu cha 56 cha Katiba kinaitaka serikali iweke mipango mahususi kwa ajili ya makundi madogo na yaliyotengwa, na mfuko unaotumia wingi kama kipimo, bila sehemu yoyote iliyotengwa kwa wachache, unagongana na kifungu hicho ingawa kila hatua yake imefuatwa barabara. Hali ya wanawake inafanana na hiyo kwa kiasi fulani. Viti vyao katika kamati za wadi vilihakikishwa, lakini baraza la dedha ni la wazee wanaume, kwa hiyo fedha inayopitia dedha hupitia mahali ambapo mwanamke husemewa. Hapa pia faili la maombi yaliyokataliwa lingetoa jibu ambalo mahojiano hayawezi kulitoa, kwani lingeonyesha kama mapendekezo yanayoanguka mwaka hadi mwaka ni ya watu wale wale.

Ufa wa pili ni wa wadi. Ni rahisi kugawa kwa 10, na mgao sawa hauzushi ugomvi katika bunge la kaunti, kwa kuwa kila mwakilishi huondoka na fungu lake. Lakini Wabera na Cherab hazilingani kwa eneo, kwa idadi ya watu wala kwa gharama ya kufikisha tani moja ya saruji. Serikali ya kitaifa yenyewe, inapozigawia kaunti 47 fedha zao, hutumia fomula inayopima idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa ardhi, kisha huongeza sehemu ya mgao sawa. Inashangaza kwamba kaunti ambazo hupigania sana fomula hiyo katika Seneti husahau fomula ya aina yoyote zinapogawa ndani ya mipaka yao. Tena mfugaji hahami kwa kufuata wadi. Bwawa la Sericho hunywesha mifugo ya Garissa na Wajir wakati wa kiangazi kikali, na mtathmini anayehesabu wanufaika waliosajiliwa Sericho atapata idadi ndogo kuliko kwato zilizokanyaga tope la bwawa hilo.

Ufa wa tatu ni kalenda, na huo hauzungumzwi inavyostahili. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Mwaka wa mfugaji wa Kiborana hufuata *ganna*, mvua za Machi hadi Mei. *Adolessa*, baridi kavu inayofuata. *Hagaya*, mvua za Oktoba hadi Desemba. Na *bona hagaya*, kiangazi cha Januari na Februari. Bwawa hufukuliwa tope lake kabla ya ganna ili likinge maji. Kwa kuwa fedha kutoka Nairobi huchelewa, kisha idhini ya Mdhibiti wa Bajeti ikasubiriwa, kisha zabuni ikatangazwa, kazi nyingi za kaunti huangukia robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, kwa hiyo trekta hufika Mei, mvua zikiwa zinaondoka, na kuchimba shimo kavu litakalongoja hadi Oktoba. Katika vitabu, mradi huo umekamilika kwa wakati, ndani ya bajeti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hatapata hoja. Kwa mwenye ng'ombe, umechelewa msimu mzima. Kigezo cha wakati, kinachopimwa kwa misimu ya wenyeji, kingepaswa kuwa miongoni mwa vya kwanza katika tathmini yoyote ya fedha za vikundi kaskazini mwa Kenya.

Udhaifu wa ugawaji haupo Isiolo pekee. Mwaka 2008 ilifichuka kwamba Baraza la Jiji la New York, lenye wahasibu na wanasheria wasiohesabika, lilikuwa kwa miaka kadhaa likitenga mamilioni ya dola kwa majina ya mashirika ya jamii yasiyokuwepo, ili fedha hizo zihifadhiwe na kugawiwa baadaye kwa vikundi halisi ambavyo viongozi wangevichagua. Porto Alegre, mji wa Brazil ulioanza bajeti shirikishi 1989, ulifuata njia nyingine kwa kuchanganya kura za mitaa na fomula iliyotazama upungufu wa huduma na idadi ya watu, ili mtaa wenye sauti kubwa usiumeze mtaa wenye shida kubwa. Isiolo ilibahatika kuwa na kamati za wadi zinazofanana kidogo na mabaraza ya Porto Alegre, lakini haikuchukua fomula.

Mtathmini anayetaka kufanya kazi hii Isiolo aanze na karatasi. Faili la kikundi kinachoomba fedha huwa na katiba ya kikundi, cheti cha usajili, nakala za vitambulisho vya viongozi, taarifa ya benki, kumbukumbu za mkutano ulioamua kuomba, ambazo nyingi hutiwa sahihi na wachache na alama za dole gumba na wengi, na makadirio ya gharama. Makadirio hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa jicho kali, kwa sababu kikundi cha Merti au Sericho hakina mhandisi, na mhandisi anayeweza kuyaandaa ni yule wa kaunti, ambaye ofisi yake ndiyo itakayoshauri baadaye kama ombi ni la kitaalamu au la. Kikundi chenye mtu wake ofisini hupata makadirio wiki moja. Kisicho na mtu hupanda gari hadi mjini, hulala kwa jamaa, huambiwa ofisa yuko nyanjani, na kurudi. Maombi ya aina hiyo ya pili hayafiki hata kwenye faili la yaliyokataliwa, kwa kuwa hayakukamilika, hivyo orodha ya watu waliofika ofisini kuomba msaada wa makadirio, ikilinganishwa na orodha ya maombi yaliyopokelewa, itaonyesha mchujo wa kwanza ambao hakuna kamati iliyoujadili.

Baada ya hapo ndipo vinapokuja vyombo ambavyo sheria tayari imeviweka. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinaunda Kongamano la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo wawakilishi wa wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wenye ulemavu, wazee na dini hukaa kwa idadi sawa na wajumbe wa kamati tendaji, gavana akiwa mwenyekiti. Kongamano hilo hujadili mipango na bajeti, na hakuna linalolizuia kuomba, pamoja na orodha ya vikundi vilivyopewa, orodha ya vilivyonyimwa na kigezo kilichokosekana katika kila kimoja. Mwombaji mwenyewe naye ana kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, ambazo humpa aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na raia yeyote, awe mwanachama wa kikundi au asiwe, anaweza kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ijibu ombi lake ndani ya siku 21.

Kinachokosekana ni desturi ya kuuliza kila mwaka ni nani aliyenyimwa na kwa kigezo gani, wadi zote 10, kwa fomu moja, ili majibu ya 2026 yaweze kuwekwa ubavuni mwa ya 2027. Kazi hiyo haihitaji mshauri kutoka nje. Karani wa kamati ya wadi, akiwa na daftari lenye safu tano, yaani tarehe ya ombi, jina la kikundi, mahali, uamuzi, na kigezo kilichotajwa, anaweza kuianza katika kikao kijacho, na mtathmini atakayefika miaka mitatu baadaye atakuta cha kusoma kabla hajapanda gari kwenda kukagua bwawa.